Dawa ya Jino ni Kung'oa? Historia ya Jino Linalouma Baada ya Kuzibwa



Leo tuzungumze jino. Nazungumzia lile lililokwisha kuzibwa: umekaa kwenye kiti, umechomwa sindano ya ganzi, umelipa, umerudi nyumbani, na siku ya nne bado linauma. Ukilalamika unaambiwa huna subira. Ukinyamaza, usiku ni mrefu.

Mfikirie binti wa Mkongo, kule Rufiji. Mkongo uko kaskazini mwa mto, kwenye njia ya kwenda Mloka. Hospitali ya wilaya iko Utete, ng'ambo ya pili, na mto unavukwa kwa kivuko. Kwa binti huyu kuziba jino ni safari ya kutwa, nauli ya kwenda na kurudi, na mtu wa kumsindikiza. Mahari imeshatolewa, siku imeshapangwa, kungwi ameshaanza kazi yake. Gego limezibwa, lakini wiki haijaisha na kila akinywa maji ya mtungi anashika shavu. Mama mkubwa anamtazama, kisha anasema yale yale aliyoyasikia kwa mama yake: dawa ya jino ni kung'oa.

Maneno hayo matano yana historia ndefu. Kwa muda mrefu sana yalikuwa kweli, tena kweli tupu. Baadaye mambo yakabadilika, na sisi watu wa pwani tukaendelea kuyasema vile vile. Wanaoyalipia ni mabinti wa miaka ishirini na kitu wanaoingia kwenye ndoa na mapengo ambayo hayakuwa na lazima.

Tuanze na mdudu. Wengi tumekua tukisikia kwamba jino lililotoboka lina mdudu ndani yake, na hadi leo mama humtisha mtoto anayependa peremende kwa mdudu huyo. Imani hii haikuanza kwetu. Katika Iraq ya kale, zama za Babeli, viliandikwa vibao vya udongo vinavyosimulia mdudu aliyeomba apewe makao baina ya meno na fizi. Wachina walimwamini, Wahindi walimwamini, Wazungu nao pia. Mfaransa Pierre Fauchard, aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha tiba ya meno mwaka 1728, ndiye anayetajwa sana miongoni mwa waliosema wazi kwamba wamemtafuta mdudu huyo wasimwone.

Sasa kama adui ni mdudu, tiba inajieleza yenyewe. Utamfukiza kwa moshi, utamchoma kwa dawa kali, na akikataa kutoka utamtoa pamoja na nyumba yake. Ndiyo maana pwani yote mwisho wa safari ya jino ulikuwa koleo. Kabla ya koleo kulikuwa na mizizi ya kusukutua, punje ya karafuu, na kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Sitaki tuwacheke wazee wetu. Aliyesema "ng'oa" huenda alikuwa amemzika mtu. Jino lililooza likifika kwenye mzizi hutunga usaha, na usaha wa magego ya chini una njia ya kushuka shingoni. Mwaka 1836 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliandika juu ya uvimbe mgumu wa chini ya taya unaomfanya mtu ashindwe kumeza, kisha ashindwe kupumua. Wengi walikufa nao. Penisilini haikufika mikononi mwa madaktari hadi miaka ya 1940. Kabla ya hapo, kung'oa mapema kuliokoa roho, na methali ilikuwa na haki yake.

Jambo linalonishangaza mimi ni kwamba ndani ya urithi wetu wenyewe wa Kiislamu alikuwepo mtu aliyeonya dhidi ya pupa hiyo, karne nyingi kabla ya Fauchard. Abul-Qasim al-Zahrawi aliishi Andalusia na kufariki mwanzoni mwa karne ya 11. Katika kitabu chake cha tiba, al-Tasrif, anamwambia tabibu ajaribu kila dawa kabla ya kung'oa, kwa sababu jino likitoka hakuna cha kukaa mahali pake. Anaongeza la pili: hakikisha ni jino lipi. Maumivu humdanganya mwenye nayo, akaonyesha jino zima, likang'olewa, na lile bovu likabaki palepale likiuma. Anasema ameyaona hayo yakifanywa na vinyozi. Daktari wa meno wa leo atakwambia jambo hilo hilo, na atakugongagonga meno moja moja kabla ya kufanya lolote. Kabla ya al-Zahrawi, al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, alikuwa anaziba matundu ya meno kwa mchanganyiko wa shabu na utomvu wa mastiki. Kwa hiyo kuziba hatukuletewa na Wazungu. Ila kwa mtu wa kawaida wa pwani, aliyekuwa karibu ni fundi mwenye koleo. Tabibu mwenye kitabu alikuwa mbali.

Kinga, alhamdulillah, haikuwa mbali. Mtume (S.A.W.) aliuhimiza mswaki kiasi cha kusema kwamba lau asingeogopa kuutia umma wake uzito, angeuamrisha kwa kila swala. Mnaijua pia habari ya saa zake za mwisho, mwaka 11 Hijria. Bi Aisha (R.A.) alikuwa amemwegemeza kifuani, kaka yake Abdurrahman akaingia na mswaki mkononi. Bi Aisha akaona Mtume anautazama. Akauchukua, akaulainisha kwa meno yake mwenyewe, akampa. Nikisoma habari hii huwa nasimama kidogo kwenye yale meno ya Bi Aisha: mke kijana, mwenye meno yenye nguvu ya kulainisha kijiti kwa ajili ya mumewe. Neno letu "mswaki" limetoka hapo hapo, kwenye Kiarabu cha siwaki, hata kama sasa wengi tunalitumia kwa ule wa plastiki.

Bi harusi wa pwani naye ametazamwa meno tangu zamani. Somo alimsugua mwili kwa singo, na meno hayakusahauliwa, hasa zama ambazo tambuu ililiwa kila baraza na chokaa na popoo viliacha rangi nyekundu mdomoni. Mwanya wa mbele ulisifiwa, na unasifiwa mpaka leo. Hapo kuna jambo la dini ambalo mabinti huniuliza. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) wamelaaniwa wanawake wanaotenganisha meno yao kwa ajili ya uzuri. Mwanya uliozaliwa nao ni neema ya Mola wako. Wa kuchonga ndio wenye neno. Na wanazuoni wameshika lile fungu la "kwa ajili ya uzuri", wakasema anayeguswa meno kwa tiba hayumo. Kuziba jino bovu ni tiba, hata kama limo mbele na uzuri unarudi pamoja na afya.

Sasa njooni kwenye harufu. Ukifungua mlango wa chumba cha daktari wa meno, mahali popote duniani, kuna harufu inayokupokea. Wengi huiita harufu ya hospitali. Mwanamke wa visiwani akivuta pumzi vizuri ataitambua: ni karafuu. Karafuu zililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akazisambaza mashambani mpaka visiwa vyetu vikajulikana kwazo ulimwenguni. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika usukani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1870, madaktari wa meno wa Marekani walianza kuchanganya mafuta ya karafuu na unga wa oksaidi ya zinki. Mchanganyiko ule ulikuwa laini kama ugali mbichi, ukawekwa kwenye tundu la jino, ukakauka. Na jino likatulia.

Kilicholituliza ni yujenoli, mafuta yale yanayokufanya uhisi ulimi unakufa ganzi ukitafuna punje ya karafuu. Inapooza neva na inaua baadhi ya vijidudu. Bibi zetu waliobana punje kwenye gego walikuwa wanatumia kitu kile kile, bila chombo cha kukishikilia. Hadi leo dawa hiyo ya zinki na karafuu inatumika kuziba kwa muda, na Pemba, pale Wawi, mafuta yanakamuliwa kutoka kwenye makonyo.

Hapa panahitaji kutuliwa, maana ndipo wanawake wengi wanapoumia. Dawa ya muda ni ya muda. Daktari akiona tundu limekaribia neva, huweka dawa ya karafuu kwanza, anakwambia urudi baada ya wiki kadhaa aangalie jino limetulia vipi, ndipo azibe kwa dawa ya kudumu. Maumivu yanakwisha siku ile ile. Mwenye nyumba jirani na hospitali atarudi. Anayetoka Mkongo, mwenye kuvuka mto na kuomba nauli kwa kaka, anajiambia jino limepona. Miezi inapita, dawa inasagika taratibu kwa wali na mihogo, mate yanapenya chini yake, na usiku mmoja jino linaamka. Hapo atasema kuziba hakusaidii. Ukweli ni kwamba jino lake lilizibwa nusu.

Jambo jingine dogo la karafuu: yujenoli huzuia dawa za kisasa za rangi ya jino zisikauke vizuri. Kama umekuwa ukijipaka mafuta ya karafuu nyumbani, mwambie daktari kabla hajaanza. Na mafuta yenyewe yakiwa safi ni makali, yanaunguza fizi. Pamba ndogo sana, kwenye tundu tu, basi.

Dawa za kudumu nazo zina historia ya maumivu. Wachina waliandika juu ya mchanganyiko wa fedha kwa ajili ya meno mwaka 659. Ulaya, mchanganyiko wa zebaki na fedha, yaani amalgamu, ulianza kutumika Paris katika miaka ya 1820. Mwaka 1833 ndugu wa ukoo wa Crawcour waliupeleka New York, wakajitangaza sana, wakapata wateja wengi. Walikuwa wakishindilia dawa juu ya uozo bila kuusafisha. Isitoshe, amalgamu za zama zile zilikuwa zinatanuka zikikauka, zikaweza kulipasua jino. Mtu alitoka na jino lililozibwa na maumivu mapya. Ukazuka ugomvi mkubwa, hadi katika miaka ya 1840 chama cha madaktari wa meno wa Marekani kikawataka wanachama waahidi kutoitumia kabisa, na chama chenyewe kikasambaratika mwaka 1856. Mwishoni mwa karne hiyo G. V. Black wa Chicago alipima vipimo vya mchanganyiko mpaka akapata usiotanuka, na dawa ile ikatumika karne nzima iliyofuata. Sasa inaondolewa polepole kwa sababu ya zebaki, kufuatia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Ukiwa nayo mdomoni na haikusumbui, usikimbilie kuitoa.

Kwetu, zama za ukoloni, hayo yote yalikuwa habari za wengine. Daktari wa meno alikuwa mjini, na waliokaa kwenye kiti chake walikuwa hasa Wazungu na maofisa. Bonde la Rufiji lilijulikana kwa mpunga na kwa boriti za mikoko zilizopakiwa kwenye majahazi kwenda Unguja na Ghuba. Mtu wa huko akiumwa jino alivumilia, au aling'olewa. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 nchi haikuwa na mahali pa kufundishia madaktari wa meno. Mafunzo ya shahada yalianza Dar es Salaam mwaka 1979, katika Kitivo cha Tiba, Muhimbili.

Na hapo ndipo Tanzania ilipoingia kwenye historia ya meno ya dunia nzima, habari ambayo sijui kwa nini hatuisimulii. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken alikuwa akifanya kazi katika shule hiyo ya meno ya Dar es Salaam. Shida ilikuwa inajulikana: mashine ya kutoboa jino inataka umeme, maji ya bomba na fundi wa kuitengeneza, na vijiji havikuwa na hata kimoja. Mgonjwa wa kijijini akawa na njia moja tu, ile ya methali. Basi wakaiacha mashine mjini. Mgonjwa analazwa juu ya meza au benchi. Uozo laini unakwanguliwa kwa vijiko vidogo vya chuma na patasi ndogo, kwa mkono, na tundu linajazwa dawa ya kubandika inayoshika yenyewe kwenye jino. Hakuna mlio wala joto la mashine, na mara nyingi hata sindano haihitajiki, kwa sababu sehemu iliyooza haina hisia na ile nzima haiguswi.

Njia hiyo ikajaribiwa zaidi Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990, ikapewa jina la ART. Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Dawa inayotumika nayo sasa ni glasi ayonoma, ambayo huachia floraidi kidogo kidogo kwenye jino, na mwaka 2021 shirika hilo hilo liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kitu kilichoanza kwa sababu vijiji vya Tanzania havikuwa na umeme leo kinafundishwa katika vyuo vya Ulaya, hasa kwa watoto na waoga wa mashine. Ukienda kituo chochote ukaambiwa hakuna mashine kwa hiyo ling'olewe, una haki ya kuuliza kwa adabu kama haliwezi kuzibwa kwa mkono. Halitafaa kila jino. Tundu likishafika kwenye neva, njia hii imepitwa.

Turudi kwenye maumivu yenyewe, kwa nini jino lizibwe na liume.

Jino si jiwe. Chini ya tabaka gumu la nje kuna dentini, na dentini ina vijia vyembamba maelfu kwa maelfu vyenye majimaji, vinavyokwenda hadi kwenye kiini ambako kuna neva na damu. Msweden Martin Brännström alieleza katika miaka ya 1960 kwamba baridi huyasukuma majimaji hayo, na neva huhisi kuvutwa. Kuzibwa kunalishtua jino: limekwanguliwa, limekaushwa, limewekewa kitu kigeni. Kwa siku kadhaa, na kwa tundu refu hata wiki mbili tatu, litasisimka ukinywa baridi au ukitafuna. Alama ya kheri ni kwamba kila siku maumivu ni kidogo kuliko jana, na ukiondoa baridi yanaondoka hapo hapo.

Sababu ya pili ni nyepesi, na inawaponza wengi: dawa imezidi urefu. Ukiwa na ganzi huwezi kujua unauma sawa au vipi. Ganzi inaisha, unakuta jino lile ndilo la kwanza kugusana, na kila tonge linagongwa. Jino linalogongwa namna hiyo huvimba kwenye mzizi na litauma hata likiwa zima. Tiba yake ni daktari kukuwekea karatasi ya rangi, uume, aone alama, apunguze kidogo. Dakika tano. Kwa hiyo anayetoka mbali asikimbilie kivuko cha kwanza. Ganzi huisha baada ya saa mbili, tatu, au zaidi kidogo. Kaa kivulini, subiri, uma meno pole pole, na ukihisi jino limesimama juu ya wenzake rudi ndani siku ile ile.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Kiini cha jino kilikuwa kimeshaumia kabla ya kuzibwa, na sasa kinakufa. Maumivu haya yana tabia zake. Yanakuja yenyewe bila kuchokozwa. Yanakuamsha usiku. Chai ya moto inayaamsha na yanabaki dakika nyingi baada ya kikombe kuwekwa chini. Au jino linauma likiguswa tu, na siku zinavyokwenda linazidi. Hili halisubiri, na si lazima kiwe kosa la aliyeziba. Mara nyingi jino kama hili linaweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi: neva iliyokufa inatolewa, njia yake inasafishwa na kuzibwa. Ni tiba ya gharama na haipatikani kila wilaya, nakubali. Kuna meno ambayo kweli yamefika mwisho, na hapo methali ya mama mkubwa ina kazi yake bado. Lakini aamue aliyelipima jino, na asiamue kwa sababu wiki ya kwanza liliuma. Gego likitoka, majirani zake hulala kuelekea kwenye pengo, la juu yake hushuka, na upande ule wa kutafunia unapotea taratibu.

Shavu likivimba, homa ikapanda, mdomo ukashindwa kufunguka, au kumeza na kupumua kukawa kwa taabu, hilo ni jambo la usiku huo huo. Amsha watu, tafuta usafiri. Ule uvimbe wa mwaka 1836 bado upo.

Katika kusubiri, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa inatosha wengi. Ukiwa mjamzito, diklofenaki na ibuprofeni usizimeze bila kumuuliza daktari au mkunga, hasa mimba ikishavuka nusu. Aspirini usiisage ukaiweka kwenye fizi, inaunguza nyama. Kuna wanaotia maji ya betri kwenye jino: hiyo ni tindikali, inayeyusha jino na kuchoma koo. Na vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwenye droo ya wifi havitulizi neva iliyovimba. Vina kazi pale tu ugonjwa umesambaa, na daktari ndiye anayeona hilo.

Wako wanaosema kila mimba huondoka na jino moja. Mtoto hachukui chokaa kwenye meno ya mama yake. Kinachoharibu ni kutapika, kula kidogo kidogo vitu vitamu, na fizi kuvimba wakati huo. Jino linaweza kuzibwa ukiwa na mimba, na miezi ya katikati ndiyo myepesi zaidi kukaa kwenye kiti.

Kwa bi harusi, ningeshauri kinywa kiangaliwe miezi miwili au mitatu kabla ya siku. Wiki ya harusi si wiki ya kuziba gego refu. Ukitoka, muulize daktari mambo mawili: dawa hii ni ya muda au ya kudumu, na tundu lilikuwa karibu na neva kiasi gani. Jibu la la pili litakwambia utegemee maumivu ya siku ngapi. Sukari ipunguze. Najua ni wiki za kaimati na juisi na kila mgeni na sahani yake, lakini kinacholiumiza jino ni kulitia sukari mara kwa mara mchana kutwa. Vile vinavyoliwa pamoja na mlo na kusafishwa baadaye havina madhara makubwa kama hayo.

Yamebaki maswali ya ibada, maana nayo huwakosesha watu usingizi. Dawa iliyozibwa jinoni haizuii josho la janaba. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kusukutua wakati wa josho ni sunna, na hata kwa wanaosema ni wajibu, kilichozibwa kwa haja ya tiba kimekuwa sehemu ya jino na hakibanduliwi. Jino la dhahabu nalo lina kisa chake. Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akatengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atumie ya dhahabu. Wanazuoni wakapima meno kwa hukumu hiyo hata kwa wanaume, seuze mwanamke ambaye dhahabu ni pambo lake la halali.

Na Ramadhani? Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilitaja kutoboa jino, kung'oa gego, kusafisha meno na kupiga mswaki miongoni mwa mambo yasiyofunguza, mradi mtu ajihadhari asimeze kilichofika kooni. Sindano ya ganzi kwenye fizi si chakula wala si kinywaji. Mwambie daktari kwamba umefunga, atakuwekea mrija wa kunyonya mate na atakupa nafasi ya kutema. Ukiona huwezi kustahimili, chukua miadi ya baada ya futari kama kituo kinafunguliwa usiku. Na maumivu yakikushinda ukahitaji dawa mchana, wewe ni mgonjwa: utakula, na siku utailipa.